Wilson Yupi?

Pesa iliingia saa moja na dakika chache jioni, siku ya Jumanne, nikiwa nimeinamia simu ya mteja iliyoanguka kwenye maji. Shilingi 12,500. Jina la aliyetuma halikuniambia kitu, lakini sikushtuka. Fundi wa simu Kangemi anadai watu wengi ambao majina yao kamili hayajui. Nikawaza labda ni yule jamaa wa Mountain View niliyembadilishia skrini tatu. Labda Mungu amemgusa.

Kabla sijamaliza kuwaza, simu ikalia. Sauti ya mwanamke, imechoka, nyuma yake makanga wanaita abiria.

"Wilson, imefika?"

"Imefika," nikasema.

"Haya. Lipa basi wamruhusu mama kabla usiku haujaingia. Mimi nakuja kesho."

Akakata.

Nikabaki nimeshika simu. Naitwa Wilson. Pesa ilikuwa imefika. Nilikuwa nimesema neno moja tu, na lilikuwa la kweli, na bado nilijua nimedanganya.

Nilipaswa kumpigia pale pale. Badala yake nikamgeukia jirani yangu, yule anayeuza vifuniko vya simu, nikamsimulia kama mtu anayesimulia kichekesho. Akacheka. "Boss, watu husema pesa haina jina," akasema. "Na hii yako hata ina jina lako. Unataka nini tena?"

Mwenye ploti alikuwa amenipa mpaka Jumatano. Baada ya hapo, alisema, nitakuta kufuli yake juu ya kufuli yangu. Nilituma 6,000 za kodi nikiwa nimesimama hapo hapo, kabla akili haijanishika mkono. Kisha nikafunga kibanda, nikanunua chapati mbili na maharagwe, nikateremka kwenda kwangu Gichagi.

*

Usiku huo nilikuwa na nyumba iliyolipiwa na usingizi sina. Nikalala chali na simu kifuani. Nilipochoka kujitetea kichwani, nikafanya jambo ambalo kwa miaka yote sikuwahi kulifanya: nikatafuta kwenye intaneti yule mtu niliyepewa jina lake.

Hadithi ya kwetu ni fupi. Nilizaliwa Agosti 1997. Mzee alikuwa bawabu wa usiku kwenye nyumba moja Loresho, ng'ambo tu ya hapa kwetu, na mwenzake kazini alikuwa redio ndogo ya betri mbili. Siku mbili kabla sijazaliwa, redio ikasema Wilson Kipketer amevunja rekodi ya dunia. Mzee akaja nyumbani asubuhi na jina mfukoni. La pili nikapewa la babu, na ni jina la mvua. Shuleni nilijivunia hilo la kwanza kama mtoto anayejivunia viatu. Sikuwa na mbio zozote, lakini nilikuwa Wilson wa Kipketer.

Sasa nikasoma, na kitu cha kwanza nilichokuta ni kwamba Kipketer walikuwa wawili.

Tarehe 13 Agosti 1997, katika uwanja mmoja mjini Zurich, Uswisi, Wilson Kipketer alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 41.24, rekodi ya dunia. Usiku huo huo, kwenye njia ile ile ya mviringo, Wilson Boit Kipketer alikimbia mita 3000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 7 na sekunde 59.08. Hiyo nayo rekodi ya dunia. Siku chache kabla, kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia mjini Athens, wote wawili walikuwa wametwaa dhahabu, kila mmoja katika mbio zake. Mmoja alizaliwa 1972, mwingine 1973. Mmoja alikimbilia Denmark, alikokwenda kusoma mwaka 1990. Mwingine alikimbilia Kenya. Ukiwaweka kwenye karatasi bila tarehe wala umbali, utadhani mwandishi amerudia mstari kwa makosa.

Kwa siku 11 dunia ilikuwa na Wilson Kipketer wawili, kila mmoja na rekodi yake. Kisha tarehe 24 Agosti, mjini Cologne, Ujerumani, katika mkutano mmoja wa riadha, Wilson wa mita 800 akaishusha rekodi yake hadi 1:41.11, na Bernard Barmasai akakimbia viunzi kwa 7:55.72. Siku moja, uwanja mmoja: Wilson mmoja akapanda, rekodi ya Wilson mwingine ikafutwa. Ile 1:41.11 ilikaa miaka 13, mpaka Agosti 2010.

Miaka mitatu baada ya Zurich, Olimpiki ya Sydney, wote wawili wakapata fedha.

Nilisoma hayo mara mbili, kisha nikaona jambo dogo ambalo halikunitoka kichwani. Yule wa mita 800 huandikwa Wilson Kipketer, basi. Yule wa viunzi huandikwa Wilson Boit Kipketer kila mahali, kila mara. Boit ni jina lake halali, si lakabu. Lakini magazetini lilipewa kazi ya ziada. Lilikuwa likimwambia msomaji: si yule, ni huyu mwingine. Mtu ana dhahabu ya dunia, alishika rekodi ya dunia, na bado ndiye anayetakiwa kujieleza.

Si wao peke yao. Daniel Komen alikimbia mita 3000 kwa 7:20.67 mwaka 1996, na rekodi hiyo ikakaa mpaka 2024. Ukitaja Daniel Komen wa pili, aliyepata fedha ya mita 1500 katika ubingwa wa dunia wa ukumbini mwaka 2006 na 2008, lazima useme Daniel Kipchirchir Komen. Paul Koech walikuwa wawili, mmoja bingwa wa dunia wa nusu marathoni 1998, mwingine shaba ya viunzi Olimpiki ya Athens 2004, na hao walilazimika wote kubeba jina la kati: Malakwen na Kipsiele. Mwaka 2011 Geoffrey Mutai na Emmanuel Mutai walimaliza wa kwanza na wa pili marathoni ya New York, na si ndugu.

Mzungu anayetangaza mbio anaweza kuona huo kama mkanganyiko. Sisi tunajua si mkanganyiko. Majina ya Wakalenjin humweka mtoto mahali na saa aliyozaliwa. Kipchoge ni wa ghalani, Kipketer ni wa barazani. Kipchoge Keino wa dhahabu ya Mexico 1968 na Eliud Kipchoge wa dhahabu ya Rio 2016 hawakuazimana jina. Mama wawili walijifungua karibu na ghala. Kwetu Waluhya ni vivyo hivyo. Wafula wa mvua, Wekesa wa mavuno, Simiyu wa kiangazi, Wanjala wa njaa. Simama steji ya Kangemi saa kumi na mbili jioni uite "Wafula!" na watu watano watageuka, mmoja akiwa juu ya bodaboda. Kwa jirani zetu Wakikuyu, kijana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, kwa hiyo ndugu watano wakizaa, kuna wajukuu watano wenye jina la mzee mmoja.

Hakuna kati ya wazee hao aliyedhani anatengeneza jina la kumtenga mtoto na watu wengine wote. Jina lilikuwa la kumwunganisha mtoto: na mvua, na marehemu babu, na baraza la nyumba. Kazi ya kutenga iliachiwa swali linalofuata. Wafula yupi? Yule wa kwa fulani, wa karibu na mto, anayefuga. Kijijini jina halikutembea bila swali hilo.

Mjini tumechukua jina, swali tukaliacha kijijini.

*

Kiswahili kina neno la mtu mwenye jina kama lako: wajina. Kina lingine pia, somo. Na somo ni neno zito, kwa sababu ni mtu wa jina lako, na pia ni mtu wa siri yako, na pia ni kile unachofundishwa. Wakatoliki hulitumia kwa mtakatifu ambaye mtu amepewa jina lake.

Parokia yetu hapa Kangemi inaitwa Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Tarehe 27 Novemba 2015 Papa Fransisko alikuja pale, nami nilikuwa kijana wa miaka 18, nimebanwa kwenye umati, naona kofia za watu tu. Ni usiku ule wa pesa, miaka mingi baadaye, ndipo nilipofikiria majina ya siku ile. Hata Yosefu ana mkia. Kuna Yosefu aliyeuzwa Misri, kuna Yosefu wa Arimathaya, kwa hiyo huyu wetu ametambulishwa kwa kazi yake. Yosefu Fundi, kwa lugha ya mtaa.

Na yule mgeni aliyezaliwa Jorge Mario Bergoglio alijichagulia jina mwaka 2013, na watu wakauliza papo hapo: Fransisko yupi? Kwa kuwa yeye alikuwa Mjesuiti, wengine walidhani ni Fransisko Ksaveri, mmoja wa Wajesuiti wa kwanza. Siku tatu baada ya kuchaguliwa aliwaeleza waandishi wa habari kwamba ni Fransisko wa Asizi, yule wa maskini. Hakukasirika kuulizwa. Alijua kwamba jina bila jibu la swali hilo lingemfanya mtu mwingine.

Lakini tusilipambe swali hili kupita kiasi, maana nimeliona pia likiwa na panga mkononi. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, nilikuwa na miaka 10. Mama alitufundisha hivi: "Ukiulizwa jina barabarani, sema Wilson, basi." Jina la kwanza halikuwa na kabila. La pili lilikuwa nalo. Kuna watu Nairobi hii waliulizwa "wewe ni nani wa wapi" na jibu likawagharimu kila kitu. Hata Wilson wa mita 800, mwaka 1996, akiwa tayari bingwa wa dunia, hakukimbia Olimpiki ya Atlanta kwa sababu uraia wake wa Denmark haukuwa umekamilika. Miguu ilikuwepo, jina lilikuwepo, karatasi ikauliza "wa nani?" na mlango ukafungwa.

Kwa hiyo kuna maswali mawili yanayofanana sura. Lile la 2008 halikumtafuta mtu. Lilitafuta kundi, na likishalipata, halikujali ni Wafula yupi, yeyote alifaa. Lile la kijijini lilimtafuta mmoja, yule wa karibu na mto, na halikutulia mpaka limempata. Anayeuliza swali la kwanza ametosheka na jina. Anayeuliza la pili anajua jina halitoshi.

*

Saa nane usiku jirani wa vifuniko alikuwa bado anazungumza kichwani mwangu, na lazima nikiri hoja yake ina nguvu. Sikuiba. Sikumpigia mtu simu kumdanganya. Yeye mwenyewe alibonyeza, akaonyeshwa jina, akaridhika, akatuma. Yeye mwenyewe akaniita, na mimi nikaitika jina langu. Kama kuna kosa, ni la aliyeita.

Kilichonishinda ni kumbukumbu ya jambo lingine. Miaka miwili nyuma mtu wa kukusanya madeni alikuwa akinipigia mpaka mara tisa kwa siku. Kuna Wilson mwenye majina yangu mawili aliyekopa akapotea, na namba yangu ilikuwa imeingia mahali pake, sijui vipi. Alinitukana. Alisema atampigia mama yangu. Nami nilimjibu kwa sauti iliyosikika mpaka kwa mama mboga: "Mimi siye! Kuna Wilson wangapi Kenya hii? Si uulize kwanza!"

Nilikuwa na haki. Deni la wajina wangu si deni langu. Jina haliwezi kulivusha kutoka kwake kuja kwangu.

Lakini basi jina haliwezi kuvusha pesa zake pia. Daraja ni lile lile. Siwezi kulivunja deni linapokuja, halafu nikalisimamisha tena shilingi 12,500 zinapotaka kuvuka. Nikilala na pesa hizi, nimemwambia yule mtu wa madeni kwamba alikuwa sahihi wakati wote: Wilson ni Wilson, mkamate yeyote.

Na lile neno "imefika" je? Nimelifikiria sana. Watu husema uongo ni kusema lisilo kweli. Mimi nilisema kweli. Lakini mwanamke yule hakuuliza kama pesa imefika kwa mtu anayeitwa Wilson. Kwenye "Wilson" yake kulikuwa na sura ya mtu, na kitanda cha hospitali, na mama. Aliita mtu, mimi nikajibu kama jina. Nadhani mtu anadanganya anapokubali kusimama mahali pa mwingine akijua hivyo, hata kama hajatamka neno lolote la uongo. Na mimi nilijua. Sekunde ile ya "wamruhusu mama" nilijua, na kabla ya hapo, sauti isiyonijua ilipouliza "imefika?", nilishajua nusu.

Namba ya kitambulisho ingetutenganisha kwa sekunde moja, mimi na wajina wangu wote. Nambari haikosei. Lakini hakuna mama anayeita nambari usiku. Tunalazimika kuitana kwa majina, yaani kwa kitu ambacho si chetu peke yetu, na kutegemea kwamba anayeitwa kimakosa atasema: siye, ngoja nikutafutie. Uaminifu wote wa mji huu umesimama hapo. Jioni ile nilikuwa nimeutoa tofali moja.

*

Saa kumi na moja alfajiri nilimpigia mzee. Alistaafu ubawabu, yuko nyumbani Malava, lakini mwili wake haujaacha kazi. Saa hizo huwa macho.

"Wilisoni," akasema. Ndivyo anavyoliita. "Kuna msiba?"

"Hapana, baba. Nataka kukuuliza. Ulinipa jina la Kipketer yupi?"

Kimya. Nikasikia jogoo wa kwake.

"Yule aliyevunja rekodi."

"Walikuwa wawili, baba. Usiku mmoja. Wa mita 800 na wa viunzi."

"Wawili?"

"Wawili. Hata hawakuwa wakikimbilia nchi moja."

Mzee akacheka polepole, kicheko cha mtu aliyekamatwa baada ya miaka mingi. "Kijana yangu, betri zilikuwa zinaisha. Nilisikia Wilson Kipketer, 800, rekodi. Redio ikakwama. Ikarudi, nikasikia tena Kipketer, viunzi, rekodi. Nikasema, huyu mtu ni wa aina gani? Akimbie mbili, arudi aruke maji, rekodi zote usiku mmoja? Nikasema mtoto akizaliwa kijana, achukue hilo."

Kwa hiyo nimepewa jina la mtu ambaye hajawahi kuwepo. Mzee alishona watu wawili kuwa mmoja kwa uzi wa redio mbovu, akaniwekea jina hilo kichwani, nami nikatembea nalo miaka yote nikidhani lina mwenyewe. Nilicheka naye. Kisha nikamweleza habari ya pesa, yote, pamoja na zile 6,000.

Hakunigombeza. Aliuliza, "Huyo Kipketer wa 800, rekodi yake nani aliichukua baadaye?"

"David Rudisha."

"Haya," akasema. "Umesikia mwenyewe."

Najua ni utani wa mzee. Kule Umaasaini jina lile ni la ukoo wa watu, halihusiani na kitenzi chetu cha Kiswahili. Lakini jina likipita kwenye lugha nyingine hulazimika kufanya kazi za huko.

*

Nilikuwa na simu moja niliyoitengeneza kwa miezi miwili niiuze shilingi 9,000. Asubuhi ile niliiuza 6,500 kwa mtu wa kwanza aliyesimama. Nikajaza pengo, nikampigia mwanamke.

"Mama, samahani. Mimi ni Wilson, lakini si Wilson wako. Ni yule fundi wa simu wa Kangemi. Pesa ulituma kwangu."

Alinyamaza muda mrefu, nikadhani laini imekatika. Baadaye nilielewa ilivyokuwa. Mwezi wa nne alikuwa ameniletea simu yake, akaandika namba yangu "Wilson Fundi". Shemeji yake ni "Wilson". Walikuwa wakifuatana kwenye simu. Aliye na mkia na asiye na mkia. Akiwa amesimama steji na haraka ya hospitali, kidole kiliteleza mstari mmoja, na jina lililotokea lilikuwa na maneno mawili anayoyajua, maana shemeji naye ni wa mvua.

"Tulikesha tunapigiana," akasema hatimaye. "Mimi namwambia nimetuma, umesema imefika. Yeye anasema hakuna. Nilimwita mwizi. Shemeji yangu. Nilimwita mwizi mbele ya mama yangu."

Hilo sikulifikiria. Usiku kucha nilijipima mimi na pesa, mimi na jina. Sikumfikiria Wilson yule mwingine hata mara moja, aliyekuwa kwenye korido ya hospitali akiulizwa pesa ziko wapi na akijibu kweli bila kuaminiwa. Mimi nilipaza sauti siku ile ya madeni kwamba nisichukuliwe kuwa yule. Na sasa yeye amechukuliwa kuwa mimi.

"Kwa nini jana ulisema imefika?"

"Kwa sababu uliniita Wilson."

"Nilikuita," akasema. "Lakini ulijua si wewe."

Nikasema ndiyo.

Nilirudisha 12,500. Gharama ya kitanda ilikuwa imeongezeka usiku mmoja, kwa sababu yangu, na mfukoni nilibaki na 1,000, 500 za simu na 500 zangu. Nikazituma pia. Hazikutosha, na hakusema asante, wala sikuitarajia. Mama aliruhusiwa Jumatano mchana. Jirani yangu wa vifuniko anasema mimi ni mjinga, na kila akipata mteja mwenye jina la kawaida hunikonyeza.

Wiki tatu baadaye mwanamume wa makamo alisimama mbele ya kibanda, akaweka simu yenye kioo kilichopasuka.

"Wewe ndiye Wilson?"

"Ndiye."

"Mimi pia," akasema.

Nilimvutia stuli. Aliniambia alizaliwa muda mrefu kabla ya Zurich. Jina lake lilitoka kwa karani wa misheni aliyemwandikia baba yake barua. Hakuwahi kuwajua Kipketer wawili, mmoja tu alimjua. Nikamweleza wa pili, yule wa viunzi, wa siku 11. Alisikiliza huku akitazama mikono yangu ikifungua simu yake. Sikujua niombe msamaha kwa maneno gani, kwa hiyo nilisema tu, "Wajina, ile siku nilikuweka pabaya."

"Uliniweka," akasema. Baada ya muda akaongeza, "Lakini ulipiga."

Alitaka kulipa, nikakataa, akaacha 200 za chai juu ya meza bila kuniuliza. Tukakubaliana kwamba kwenye simu ya shemeji yake hakuna tena Wilson mtupu. Yeye ameandikwa na jina la mtaa wake, mimi na kazi yangu. Wote tuna mkia sasa.

Siku hizi mtu akinipigia akisema "Wilson?" siitiki kwanza. Namuuliza, "Unamtafuta Wilson yupi?" Wateja wengine huona ni majivuno. Wengi hucheka, halafu husita kidogo, wakimtafuta kichwani mtu wanayemtaka.